Nyumba Hii Haina Mtu

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana ramani yao wenyewe waliipeleka kupakwa rangi upya na mpaka leo haijarudi. Ninachojua ni kwamba watu wake ni wapole, mashimo ya barabara zake yana namba, na serikali yake haina roho mbaya hata kidogo. Kila linalofanyika huko hufanyika kwa nia njema, na kabla halijafanyika huwa kuna hotuba.

Mwaka ule nia njema iliangukia nyumba. Waziri wa Makazi alikuwa amerudi kutoka safari ya mafunzo ya siku tisa katika nchi ya baridi, na huko aliona nyumba zinazojua zenyewe kama zina watu au hazina. Mtu akitoka, taa hujizima. Akirudi, taa hujiwasha na pazia hujifunua kumpokea. Waziri alisimama sebuleni mwa watu akatoka na kuingia mara kumi na nne, mpaka wenyeji wakamwomba akae chini.

"Nyumba inamjua mwenyewe!" aliwaambia waandishi wa habari pale uwanja wa ndege. "Na sisi je? Sisi serikali hatujui nani yupo nyumbani na nani hayupo. Tutamtumikiaje mwananchi ambaye hatujui kama yupo?"

Swali lilikuwa zito, na kwa kuwa hakuna aliyelijibu, likapitishwa kuwa sheria.

Hivyo ndivyo kila nyumba ilivyopata kitambuzi. Kilikuwa kidude cheupe cha mviringo, upana wake kama chapati, kikapigiliwa darini katikati ya chumba. Masikio hakikuwa nayo. Bajeti ilitosha macho tu. Mtu akitembea kilijua, mlango ukifunguliwa kilijua, na kila ilipotimia saa kilitoa taarifa kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba: "Nyumba hii ina mtu." Au: "Nyumba hii haina mtu." Sheria ikasema nyumba isiyo na mtu mchana kwa siku arobaini mfululizo ni nyumba tupu, na nyumba tupu ni haki ya wenye uhaba wa makazi. Usiku haukuhesabiwa, kwa maelezo kwamba usiku kila mtu yupo kwake isipokuwa wezi na waheshimiwa.

*

Bi. Kashinde hakuwa na ugomvi na kitambuzi. Ugomvi unataka nguvu, na nguvu zake yeye zilikuwa tayari na kazi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, akifua mashuka katika hospitali ya mji, vidole vimeliwa na sabuni na magoti yanalia kila akiinama. Fundi wa serikali alipokuja kupigilia kile kidude, alimshikia ngazi, akampa na maji ya kunywa.

Mumewe, Mzee Elikana, alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Waliomsikia enzi zake wanasema akisimama juu ya ua wa mnada na kuanza kumsifu fahali, fahali aliyekonda alikuwa akinenepa mbele ya macho ya watu. Sauti ile ndiyo iliyomposa Kashinde. Mwenyewe alikuja baadaye, mfupi, amevaa kofia ya kuazima. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha mnadani katikati ya sentensi. Kilichukua miguu, mkono wa kushoto na sauti. Kilimwachia macho, na kidole kimoja cha mkono wa kulia.

Daktari alisema sauti huweza kurudi. Hakusema lini, na Kashinde hakumbana, maana alikuwa amechoka na daktari naye alikuwa amechoka. Kila alfajiri alimgeuza mumewe, akamwosha, akambadilisha, kisha akamwuliza, "Umeamkaje, mzee wangu?" Halafu alisubiri ule muda ambao jibu lingechukua, kisha akaendelea kukoroga uji.

Alfajiri akitoka, Mzee Elikana alibaki amelala chali, na kitambuzi kilikuwa sawasawa juu ya kitanda chake. Saa mbili kilisema, "Nyumba hii haina mtu." Saa tatu kikarudia. Mchana Kashinde alivua mabuti ya kufulia, akaja mbio, akamlisha, akamgeuza ubavu wa pili, akarudi mbio, na kitambuzi kikaandika, "Mgeni, dakika kumi na mbili." Halafu kikaendelea mpaka jioni kumwambia yule mzee, aliyekuwa akikitazama bila kupepesa macho, kwamba hayupo.

Siku ya ishirini ilifika barua yenye mihuri mitatu. "Ndugu Elikana," iliandikwa, "imebainika kuwa hubainiki. Unatakiwa uwepo mara moja."

*

Jirani yake, Mama Sikujua, hakuwa na matatizo hayo. Kuku wake saba walikuwa wakiingia na kutoka sebuleni kutwa nzima, na kitambuzi chake kikamwandikia familia ya watu wanane. Alishaletewa vyandarua vinane na kadi nane za kupigia kura, na kuku mmoja alikuwa ameitwa kwenye semina ya vijana.

"Nikuazime jogoo," Mama Sikujua alisema. "Mmoja tu anatosha. Huyu mwekundu hajui kutulia."

"Atamdonoa mzee macho."

"Basi tundika khanga dirishani, upepo ukusaidie. Usikae unakodoa tu hivyo, mwenzangu, watakunyang'anya nyumba."

Kashinde akatundika khanga. Siku tatu nzima nyumba ilikuwa na mtu: "mwanamke mmoja, mchangamfu." Aliposomewa taarifa hiyo alicheka mpaka akashika ukuta, maana tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwita mchangamfu. Siku ya nne wakaja wakaguzi wawili. Waliiteremsha khanga, wakaipiga lakiri kama kielelezo, wakamwandikia kosa la kughushi uwepo.

"Mbona mapazia ya kwa Waziri yanacheza yenyewe?" aliuliza. Hili halikuwa siri. Waziri alikuwa na nyumba saba kule mtaa wa juu, na ndani ya zote hamkuwa na hata paka. Alizifungia vifaa vyote kutoka ile nchi ya baridi: taa zilizojiwasha na kujizima, mapazia yaliyojifunua, feni zilizogeuka huku na huku, televisheni zilizozungumza zenyewe kwa zenyewe tangu asubuhi.

Mkaguzi mkubwa alimtazama kwa huruma.

"Mama, mapazia yale yanakwenda kwa umeme. Huo unaitwa mfumo. Khanga yako inakwenda kwa upepo. Huko kunaitwa kughushi."

*

Ofisi ya Uwepo ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti yake ilikuwa imezinduliwa lakini haijafunguliwa. Kashinde alipanda ngazi huku ameshika kiuno. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja, na mashuka ya siku moja hospitalini ni mlima.

Mlangoni kulikuwa na kitambuzi kikubwa kuliko vyote nchini. Ilipotimia saa tatu kilitangaza, "Ofisi hii haina mtu." Chini yake walikaa maafisa kumi na wawili, wametulia kama mafaili, na hakuna aliyeinua kichwa. Ofisi ile ilikuwa imesomeka tupu kwa miezi saba, ikabidi sheria ifanyiwe marekebisho haraka isije ikagawiwa mtu mwenye shida.

Alipokelewa na afisa aliyeitwa Luhende, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mume wangu. Mmeandika hayupo."

"Kwani yupo wapi?"

"Yupo nyumbani."

Luhende alifungua jalada, akapitisha kidole chini mpaka mwisho. "Nyumbani hayupo."

"Mwanangu, nimemwacha kitandani leo alfajiri. Hasimami, hakai. Angekwenda wapi?"

"Hilo ndilo swali ambalo serikali inamwuliza yeye, mama." Alisema bila kejeli, kama mtu anayesoma tangazo alilolisoma mara nyingi. Akatoa karatasi. "Kuna Fomu ya Kukanusha Kutokuwepo. Inajazwa na asiyekuwepo mwenyewe, halafu anatia saini hapa mbele yangu."

"Nikimbeba nikamleta hapa, nyumba si itakuwa haina mtu kweli?"

"Itakuwa."

"Halafu?"

"Halafu ombi litakataliwa, kwa sababu wakati wa kutia saini hakuwa nyumbani."

Kashinde alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, wala hakukasirika, ila alihisi uchovu unampanda kutoka miguuni kama maji. Luhende alimwangalia, akaangalia dirishani, kisha akavuta daftari jingine.

"Ipo Kamati ya Hodi," alisema.

Ni lazima niieleze, maana ndiyo fahari ya nchi ile. Siku sheria ya vitambuzi inapitishwa, mbunge mmoja alisimama akalalamika kwamba mashine ni ya kigeni na haina adabu. Waziri aliguswa sana. "Sisi si watu wa kuvamia nyumba za watu," alisema, akaweka mkono kifuani. "Sisi ni watu wa hodi!" Walipiga meza robo saa, na hapo hapo ikaongezwa Kanuni ya Hodi. Panapokuwa na ubishi, serikali itafika mlangoni na kupiga hodi mara tatu. Akiitika mtu, yupo. Asipoitika, hayupo, na serikali itaondoka kwa heshima. Wala hakuna mtumishi wa umma, awe mkubwa namna gani, atakayevuka kizingiti chochote kabla ya kukaribishwa kwa sauti.

"Mume wangu hana sauti," Kashinde alisema.

Luhende aliandika tarehe polepole. "Nakupa Alhamisi ya wiki ijayo, mama. Mwombeeni."

*

Jioni zote zilizobaki walifanya mazoezi. Kashinde alitoka nje, akafunga mlango, akaita "Hodi" taratibu kama mgeni, akatega sikio. Jioni ya kwanza hakuna kitu. Jioni ya pili hakuna kitu. Jioni ya tatu alisikia kama pumzi iliyokwama mahali, akaingia mbio, akamkuta mumewe amelowa jasho na macho yamejaa machozi ya kujikamua.

"Basi, basi, mzee wangu. Usijichoshe."

Lakini kidole kilikuwa kinapiga shuka, kinamtaka atoke tena nje aite.

Alhamisi ilipofika, Kamati ilikuja watu watatu: Mwenyekiti mwenye tai, Katibu mwenye daftari, na mjumbe ambaye kazi yake ilikuwa kukubaliana. Kashinde aliamriwa avuke barabara, asije akachafua matokeo. Alisimama huko mbele ya nyumba ya Mama Sikujua. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi, na aliyesimama mlangoni alikiona kitanda chote na mtu aliyekilalia.

"Hodi!" Mwenyekiti aliita, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

Mzee Elikana aligeuza macho akamtazama. Mwenyekiti naye alimtazama, kisha akaangalia pembeni, maana si adabu kuchungulia chumba cha watu.

"Hodi!"

Mdomo wa mzee ulitikisika. Kidole kilinyanyuka juu ya shuka, kikashuka, kikanyanyuka tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Katibu alinong'ona, "ananyanyua kidole."

"Kidole si karibu."

"Ila ni wazi yumo ndani, Mheshimiwa. Anatutazama."

Mwenyekiti alivua miwani. "Katibu, unataka kuniambia humu mna mtu mzima, mwenye heshima zake, ameitiwa hodi mara mbili na amekaa kimya? Unamjua mzee huyu kiasi cha kumtukana hivyo? Mimi siwezi kumfikiria vibaya. Kama hakuitika, basi hayupo. Hiyo ndiyo heshima tunayoweza kumpa."

Mjumbe alikubaliana.

Hodi ya tatu ilipoitwa, Kashinde alifumbua mdomo kule ng'ambo ya barabara. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini karibu ya barabarani ingekuwa kughushi mara ya pili, na kughushi mara ya pili kulikuwa na kifungo. Nani angemgeuza mzee? Alifumba mdomo. Iliuma, na ilimuuma hasa kuona jinsi wale watu watatu walivyosubiri kwa subira, vichwa vimeinama, kisha wakaondoka wakirudishia geti polepole lisipige kelele.

*

Uamuzi ulitoka baada ya siku tisa. Nyumba ni tupu. Mashine ya Wizara ikaulizwa nani nchini ana uhaba mkubwa zaidi wa makazi, nayo ikapekua mikoa yote na kukuta hakuna aliyebanwa kama Waziri. Nyumba zake saba zilisomeka kuwa na watu mia tatu na kumi na wawili, hawatulii mchana wala jioni, wanafungua mapazia, wanawasha taa, wanageuka huku na huku bila kupumzika. Na vyoo ni kumi na vinne tu.

Waziri alizipokea habari kwa unyenyekevu. "Sikuomba," aliwaambia waandishi. "Ila mashine imesema. Mimi ni nani hata nikatae nyumba?"

Luhende alileta barua mwenyewe, alasiri, amebeba koti mkononi.

"Hodi."

"Karibu," Kashinde aliitika bila hata kuuliza ni nani.

Aliingia, akaonyeshwa kigoda, akataka kukaa. Kisha akakiona kitanda, akasimama tena sawasawa. "Shikamoo, mzee." Tangu Mzee Elikana aache kuwepo, hakuna mtumishi wa serikali aliyewahi kumsalimu. Kidole kilinyanyuka. Luhende alisubiri mpaka kikashuka, ndipo akakaa.

"Jumatatu saa nne asubuhi," alisema. "Waziri anakuja mwenyewe kukabidhiwa. Na bendi."

"Nimpeleke wapi huyu?" Kashinde aliuliza, na sauti haikuwa ya kulaumu, ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. "Nyumba hii tumeijenga miaka kumi na moja. Yeye akinadi ng'ombe wa watu, mimi nikisomba mchanga kwa kichwa. Daktari amesema akitikiswa njiani atakufa. Nimpeleke wapi, mwanangu?"

Luhende alisugua macho kwa viganja vyote viwili.

"Mama, nimekabidhi nyumba sitini na nne," alisema. "Unajua tunaingiaje?"

"Kwa polisi."

"Polisi hatujawahi kuwatumia. Tunapiga hodi. Kanuni inasema hata nyumba tupu hatuingii mpaka tukaribishwe."

"Nyumba tupu atakaribisha nani?"

"Wenyewe. Wamo ndani, wamefunga mizigo, wanalia, wengine wamekasirika kufa. Tunasema hodi, wanasema karibuni. Wote sitini na nne. Mmoja alinikaribisha ameshika panga. Na tukishakaribishwa, basi, nyumba imekabidhiwa, hakuna rufaa."

Kashinde alimtazama. "Na mtu akikaa kimya?"

"Hajatokea." Luhende alisimama, akalivaa koti ingawa kulikuwa na joto. "Hodi tatu bila jibu tunaandika hakuna mtu, tunaondoka, tunarudi baada ya siku tisini. Wakikaa kimya tena, tisini nyingine. Mimi sijakuambia kitu, mama. Nimeleta barua. Nimechoka tu kuandika."

*

Jumatatu Kashinde hakwenda kazini. Alimwosha mumewe, akamnyoa ndevu, akafunga dirisha na mlango, akasogeza kigoda karibu na kitanda.

"Leo watakuja, mzee wangu," alimwambia. "Watapiga hodi. Tusiitike."

Aliona haya kulisema. Maishani mwake hakuwahi kusikia hodi akanyamaza, hata siku ya msiba wa mama yake mzazi. Mzee Elikana alimtazama kwa macho yale yale ya kila siku, na Kashinde hakuweza kujua kama ameelewa. Alitaka kumweleza zaidi, kwamba mambo yamegeuka, kwamba neno lile lile ambalo Alhamisi ile lingewaokoa, leo ndilo litakalowatoa. Lakini ilishakaribia saa nne, na ilimbidi atulie ili kitambuzi kimsahau.

Kutulia hakukumpa taabu. Tangu mzee aanguke hakuwa amekaa hivyo, mikono mapajani, bila shuka la kusuuza wala sufuria ya kuepua. Mabega yalishuka yenyewe. Aligundua kwamba kazi ya kutokuwepo ina raha yake, na akajilaumu kwa kuifurahia.

"Nyumba hii haina mtu," kitambuzi kilisema juu yao.

Bendi ilisikika tangu kona ya mtaa. Kisha magari, kisha milango ya magari, kisha watoto wa shule walioletwa kufurahi. Waziri alitoa hotuba nje ya geti.

"Ndugu wananchi! Leo siji hapa kama mkubwa. Nakuja kama mhanga wa msongamano! Wapo wanaosema Waziri ana nyumba nyingi. Nawaambia, mtu hahesabiwi kwa nyumba alizonazo, anahesabiwa kwa jinsi alivyobanwa humo! Na bado, ndugu zangu, sitaingia hapa kwa kiburi. Nyamazisheni bendi. Sisi ni watu wa hodi."

Bendi ikanyamaza. Nyayo zikaja mpaka mlangoni.

"Hodi!"

Kashinde alilihisi neno likimpanda kooni lenyewe, kama kwikwi. Akajiuma mdomo.

"Hodi!"

Nje watu walianza kunong'ona. Sauti ya mtu mmoja ilisema haijawahi kutokea. Kashinde alikuwa amefumba macho, anahesabu, imebaki moja, imebaki moja tu.

"Hodi humu ndani, wenye nyumba!"

"Ka..."

Alidhani ni yeye. Alishika mdomo wake, akakuta umefungwa. Alipogeuka, alimwona mumewe ameinua shingo kutoka kwenye mto, mishipa imemtoka, macho yameelekea mlangoni, na usoni kuna ile furaha ya mtu aliyelipata alilolitafuta siku nyingi. Hakuwa ameelewa. Au alikuwa ameelewa hili tu, kwamba mkewe alimfundisha jioni baada ya jioni, kwamba siku ile wageni waliondoka hawakuitikiwa, na leo wamerudi.

"Kari..."

Ilikuwa imeparuza, imejaa kutu, lakini ilikuwa sauti yake. Ilikuwa ile ile ya mnadani, iliyotangulia kumposa. Kashinde alikuwa ameisubiri kila alfajiri miaka miwili, mwiko mkononi.

Akamziba mdomo.

Alimziba kwa kiganja chote, kwa nguvu aliyokamulia mashuka, na machozi yakamtoka papo hapo yakamdondokea mzee kwenye paji la uso. Ndani ya kiganja aliihisi ile midomo ikijifumba na kujifumbua, ikilimalizia neno.

"Mmesikia kitu?" Waziri aliuliza nje.

"Ni upepo, Mheshimiwa," Luhende alijibu.

Walisubiri muda unaostahili. Kisha kalamu ikaandika, nyayo zikarudi nyuma, geti likarudishiwa taratibu. Bendi haikuwa imeambiwa la kufanya kama hakuna mtu, kwa hiyo ikapiga ule ule wimbo wa kukaribishwa, ikaondoka nao mpaka ukapotelea kona ya mtaa.

Kashinde alibaki ameinama juu ya kitanda, mkono uko pale pale. Mzee Elikana alikuwa anamtazama, na yale hayakuwa macho ya kila siku; yalikuwa yanamwuliza. Alijua anapaswa kuuondoa mkono, magari yameshakwenda. Aliogopa kuuondoa, asije akasema tena na wakasikia. Na aliogopa zaidi kuuondoa, akakuta hasemi tena.